Bibi Afya wa Mwaloni

Nyumba niliyopanga Kirumba, kwenye mteremko unaotazama ziwa, ilikuja na vitu vitatu: tangi la maji, mpera na mbwa. Mwenye nyumba, mzee mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alivitaja kwa mpangilio huohuo siku aliponikabidhi funguo.

"Maji yapo. Mpera unazaa. Mbwa ni wa hapahapa. Mpangaji aliyeondoka alimkuta, na wewe umemkuta."

Nilimuuliza kama ningeweza kuichukua nyumba bila mbwa. Alinitazama kana kwamba nimeomba kuichukua bila mlango.

"Mama, huyo hana pa kwenda. Wewe unapo?"

Ukweli ni kwamba sikuwa napo. Nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na mbili, nina shahada ya lugha, sijaolewa, sina mtoto, na kazi yangu ya kutafsiri na kuhariri ripoti za kilimo ningeweza kuifanyia popote penye meza na umeme. Nilikuwa nimechagua Mwanza kwa sababu ambazo hadi leo siwezi kuzieleza vizuri, isipokuwa kwamba niliwahi kupita hapa nikiwa mwanafunzi na sikuisahau rangi ya mawe yake baada ya mvua. Nikachukua funguo, na pamoja nazo mbwa.

Nimekulia Kagera, katika familia ya Kilutheri, kwenye kaya iliyozungukwa na migomba. Mbwa kwetu alikuwa mali ya shamba. Alilala kwenye majivu nyuma ya jiko, alikula alichoachiwa, na mkono wa mtu haukumgusa ila ulipokuwa na fimbo. Nilipokuwa chuoni nilisoma habari za miji ya mbali ambako mbwa hupanda treni na huwekewa bakuli la maji mlangoni mwa mgahawa. Nilizisoma kama mtu anavyosoma habari za watu wanaoishi kwenye barafu: niliamini, lakini hazikunihusu. Leo naishi katika mji ambao nauhesabu kuwa miongoni mwa miji hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kuutangaza hivyo, na wenyeji wake wangecheka wakisikia.

Mbwa mwenyewe alikuwa jike wa kienyeji, mwenye rangi ya nyasi zilizokauka, miguu yenye soksi nyeupe, na sikio la kushoto lililokunjika kama ukurasa uliowekewa alama. Majuma ya kwanza tuliishi kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Nilimpikia ugali wa dona na mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, nikaliweka sufuria chini ya mpera na kurudi ndani. Alikula nikishaondoka.

Kilichotukutanisha ni presha. Daktari aliniambia nitembee kila asubuhi, walau saa moja, na nikagundua kwamba sijui kutembea. Mwanamke mtu mzima akionekana njiani bila kikapu, bila mwavuli, bila shughuli, kila anayekutana naye humuuliza anakwenda wapi, na jibu la "natembea tu" huzaa maswali mengine. Siku ya tatu nilimchukua mbwa ili niwe na sababu. Nilimfunga kamba shingoni, nikafungua geti, na tangu hatua ya kwanza ikawa wazi kwamba yeye ndiye aliyekuwa na shughuli. Mimi nilishika tu mwisho wa kamba.

Alikuwa na njia yake. Kwanza alipanda jabali kubwa lililo upande wa nyuma wa nyumba yetu, akasimama juu kabisa kuwatazama pimbi wanaoota jua kwenye nyufa. Hakuwafukuza. Aliwatazama, nao wakamtazama, kisha akashuka kama mtu aliyehakikisha majirani wameamka salama. Kutoka hapo alifuata ngazi za mawe hadi barabarani, kwenye kibanda cha fundi pancha. Fundi huyo alikuwa na mabeseni mawili: moja la kuzamishia mipira ya matairi, jingine jipya kidogo, lililowekwa kivulini. Mbwa alikwenda moja kwa moja kwenye lile la kivulini na kunywa.

Nilimuuliza fundi ni nani aliyemwagiza kuweka maji ya mbwa.

"Hakuna aliyeniagiza. Wakinywa haya ya pancha wanaumwa tumbo." Kisha akarudi kwenye tairi lake, kana kwamba hapakuwa na cha kuongeza.

Niliishi na jibu hilo siku nyingi. Katika kazi yangu nimesoma kurasa zisizohesabika kuhusu ustawi wa wanyama, zenye malengo na viashiria, na sikukumbuka sentensi moja iliyokuwa kamili kama ile.

Mwisho wa njia yake ulikuwa Mwaloni, soko la samaki lililo ukingoni mwa ziwa, ambako asubuhi hushushwa magunia ya dagaa na samaki wakavu kutoka visiwani. Nilitarajia tufukuzwe. Badala yake niliona meza moja baada ya nyingine ikimpokea. Alipita polepole, pua juu, bila kugusa kitu, akisimama mbele ya kila beseni kwa muda ule ule. Wanawake wauza samaki walijiweka sawa kwenye vigoda vyao.

"Funikeni vitu, Bibi Afya anapita," mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mbwa niliyeishi naye kwa majuma matatu bila kumwita chochote alikuwa na cheo. Alikuwa akikagua soko hilo tangu enzi za mpangaji aliyenitangulia, na watu walisema samaki ambaye mbwa huyo alikataa kusimama mbele yake hakuwa wa leo.

Aliyeanzisha jina hilo alikuwa mama wa Kisukuma aliyenizidi miaka kama ishirini, mwenye meza ya sato karibu na maji. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba yake bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, kisha akaanza kunichokoza.

"Mama mbwa, leo umemleta mkaguzi, au yeye ndiye kakuleta?"

"Kanileta."

"Afadhali. Angalau yupo anayekutoa ndani. Mtu anakaa na makaratasi mpaka anakuwa mweupe kama makaratasi."

Nilicheka kuliko wenzake, na nadhani ndilo jambo lililomfurahisha kwangu. Nilimpa namba yangu ya simu ili aniambie anapopata sato wakubwa, na kwa njia hiyo tukawa, bila kukubaliana, watu wanaofahamiana.

Jirani na meza yake alikuwapo muuza kamba za kufungia mizigo, mzee wa Kiislamu mwenye kanzu safi na adabu ya kupigiwa mfano. Siku ya kwanza alinyanyuka, akanisalimu, akaniambia, "Mama, na mbwa wako sina ugomvi. Ila mimi ni mtu wa kuswali, na ulimi wake usifike kwenye nguo yangu." Akatandaza kamba nene chini, mbele ya mahali pake, kama mpaka. Nilijiandaa kwa aibu. Mbwa aliinusa kamba, akaizunguka, na kuanzia asubuhi hiyo hakuwahi kuivuka. Mzee naye aliacha kuinua miguu tulipopita. Nimeshuhudia mikutano mingi ya watu wenye elimu ikishindwa kufikia makubaliano mazuri kama hayo.

Ningeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu asubuhi zile: ziwa likiwa limelala kama sahani ya bati, korongo wakubwa wakitembea kati ya magunia kama makarani wasiolipwa, harufu ya dagaa ambayo mwanzoni niliiosha kwenye nguo na baadaye nikaacha. Presha ilishuka. Nilianza kujua majina ya samaki na ya upepo. Nilianza, nakiri, kujivunia mbwa. Na kujivunia huko ndiko kulikonipeleka pabaya.

Mwaka uliopita lilitangazwa zoezi la chanjo ya kichaa cha mbwa, na watu wa kata yetu wakaitwa uwanja wa shule ya msingi. Sijawahi kuona mkusanyiko wa kupendeza kama ule. Mbwa walikuja wamefungwa kwa kamba za nyavu, kwa nyaya za umeme, kwa vipande vya kanga, na mmoja kwa tai ya shule. Watu waliokuwa hawajawahi kusalimiana walisaidiana kushika miguu na midomo. Kila mbwa aliyechomwa sindano alifungwa shingoni utepe wa bluu, na mwenye mbwa akapewa cheti. Cheti nilikihifadhi kwenye bahasha ya vyeti vyangu vya shule, nyuma ya shahada.

Utepe nao niliuvua baada ya majuma mawili. Ulikuwa umechafuka na kunuka dagaa, ndivyo nilivyojiambia. Sababu ya kweli ni kwamba ulimfanya afanane na mbwa wengine wote wa Kirumba. Nilikwenda Igogo kwa fundi viatu mmoja hodari, nikamwomba atengeneze mkanda wa ngozi nyekundu wenye pete ya shaba. Ulipendeza. Mbwa aliuvaa bila maoni.

Mama wa sato aliona siku hiyohiyo.

"Utepe uko wapi?"

"Ulikuwa mchafu, mama."

"Uchafu si huwa unafuliwa?"

Nilicheka, nikamweleza kwamba mtu yeyote akiona mkanda kama ule atajua mbwa ana mwenyewe, tena anatunzwa. Ni ngozi halisi.

"Ngozi hata mbuzi anayo," alisema, na akarudi kwenye kisu chake.

Miezi michache baadaye nilipata kazi ya kukalimani mkutano wa wakulima ng'ambo ya ghuba, Busisi. Jioni kabla ya safari, gari la matangazo lilipita barabarani na spika zake. Nilikuwa katikati ya sentensi ngumu, nikafunga dirisha, nikidhani ni matangazo ya vocha au ya tamasha. Asubuhi niliondoka mapema, nikalifunga geti kwa kufuli, nikimwacha mbwa ndani na chakula chake. Sikukumbuka jabali. Kwa miaka minne nilikuwa nimemwona akilipanda kila siku, na haikunijia akilini kwamba lina upande wa pili, unaoshukia ndani ya ua wetu.

Simu iliita mkutano ukiwa haujafika nusu.

"Mama mbwa, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya mama wa sato, na kwa mara ya kwanza haikuwa na mzaha.

"Niko Busisi."

"Mwenzio yuko hapa sokoni. Na gari la mifugo liko hapa. Wanachukua mbwa wote wanaozurura bila utepe. Walitangaza jana, hukusikia?"

Mbwa waliochukuliwa hawakurudi. Hilo kila mtu alilijua, na sikulaumu mtu: nimetafsiri ripoti za kutosha kuhusu kichaa cha mbwa kujua anavyokufa mtoto aliyeumwa. Nilimwambia mama wa sato kwamba mbwa ana cheti, kiko nyumbani.

"Cheti kilichoko nyumbani hakionekani hapa," alisema. "Njoo." Akakata.

Niliwaomba radhi wakulima, wakaniachia bila kinyongo nilipowaeleza, na mmoja wao akanipeleka kwa pikipiki hadi kwenye gari la kwanza lililokuwa likirudi mjini. Tulivuka daraja refu maji yakiwa pande zote mbili, na nilikumbuka jinsi zamani tulivyokaa kwenye foleni ya kivuko hapo hapo, tukila mahindi ya kuchoma na kuhesabu malori. Kivuko kingemuua mbwa wangu. Daraja lilinipa nafasi, kisha foleni ya magari kuanzia Buhongwa ikaanza kuipokonya. Tulipofika Igogo niliona kibao cha fundi viatu, nikageuza uso. Niliwaza mkanda ule mwekundu, jinsi nilivyomwonyesha mbwa kwa watu kama mtu anavyoonyesha picha ya mahafali. Nilikuwa nimevua alama ambayo mji mzima uliielewa na kumvisha ambayo niliielewa mimi peke yangu.

Nyumbani nilipekua bahasha, nikachukua cheti, nikashuka ngazi za mawe kwa mwendo ambao daktari asingeupenda.

Meza ya sato ilikuwa imezungukwa. Wanawake watano walikuwa wamegeuza kreti na kuzikalia, bega kwa bega, migongo kwa meza, kama watu wanaopumzika. Chini ya meza, nyuma ya sketi zao, mbwa alikuwa amelala, amefungwa kwa kamba mpya ya nailoni ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilimtazama muuza kamba. Alikuwa akitazama ziwa. Baadaye niliambiwa kwamba aliikata mwenyewe kutoka kwenye bunda, akaifikisha kwa ncha ya fimbo.

Mbele yao alisimama bwana mifugo, mtu wa miaka thelathini na kitu, glavu mkono mmoja, kikombe cha chai mkono mwingine. Mazungumzo yao, kama nilivyosimuliwa na watano hao kwa wakati mmoja, yalikuwa yamekwenda hivi:

"Mama zangu, mbwa hana utepe. Niacheni nifanye kazi."

"Hatoki hapa mpaka mwenyewe afike."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Busisi."

"Busisi? Nimsubiri mtu wa Busisi?"

"Siku hizi kuna daraja, baba. Kunywa chai."

Na alikunywa. Aliwaambia anaendelea na upande mwingine wa soko na atarudi saa sita, mwenyewe awepo au asiwepo. Nilifika akiwa ndiyo kwanza amerudi, na kikombe cha pili.

"Shikamoo," aliniambia.

"Marahaba."

"Cheti unacho?"

Nilimpa. Alikisoma kwa sauti, akiinama kulinganisha. "Jike. Rangi ya majani makavu. Miguu minne myeupe chini. Sikio la kushoto limekunjika." Mbwa alimtazama kwa utulivu, kama mkaguzi anayekaguliwa na mwenzake. Bwana mifugo akanirudishia karatasi.

"Sawa. Lakini mama, mbwa aliyeng'ata mtoto mwezi uliopita naye alivaa mkanda wa ngozi. Ngozi hainiambii chochote. Utepe unaniambia."

"Nimekosea."

"Umesoma, lakini," alisema, bila ubaya, akatoa utepe mpya mfukoni.

Nilinyoosha mkono kuupokea. Mama wa sato aliuchukua kabla yangu, akapiga magoti kwenye magamba ya samaki na kuufunga mwenyewe, kwa fundo la wavuvi ambalo nisingeweza kulifungua hata ningetaka. Bwana mifugo alimaliza chai yake, akashukuru, akaenda.

Wanawake walirudisha kreti zao. Nilianza kushukuru, mama wa sato akanikatiza.

"Hawa wenzangu walisema hutakuja." Aliwaelekezea kisu. "Walisema, mbwa mwenyewe si wake, alimkuta tu. Yule ana kazi zake, atakuja jioni kuuliza."

"Na wewe ulisemaje?"

Alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kudanganya hata kwa heshima.

"Nilisema utakuja. Lakini sikuwa na uhakika."

Hakuna alilowahi kuniambia lililonichoma kama hilo, na hakuna nililostahili zaidi. Kwa miaka minne nilikuwa nimepita mbele ya meza yao kila siku nikiwastaajabia, kama mtu anavyostaajabia mandhari. Walimfahamu mbwa wangu hatua kwa hatua. Mimi walinijua kwa mwisho wa kamba. Kama wangenihukumu kwa yale niliyowapa, yaani salamu na kicheko na namba ya simu, wangekuwa na haki ya kumwachia bwana mifugo afanye kazi yake.

Siku hiyo nilikaa kwenye kreti mpaka soko lilipopungua. Walinipa ungo wa dagaa nichambue, nikachambua vibaya, wakanirudishia nichambue tena.

Sasa ninapokuwa na safari simfungii ndani. Tunashuka wote asubuhi, tunapita kwa pimbi na kwa fundi pancha, na ninamkabidhi mezani kabla ya kupanda gari. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliaga na kuanza kuondoka, kama nilivyozoea kuondoka mahali popote katika maisha yangu ya mtu mmoja. Mama wa sato aliniita kwa nyuma.

"Huagi vizuri. Utarudi saa ngapi?"

Nilisimama. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliponiuliza swali hilo akitaka kweli jibu.

"Saa kumi," nilimwambia.

"Saa kumi ipi? Ya kwako, au ya makaratasi, ile isiyofika?"

"Ya kwangu."

Nilirudi saa kumi kasorobo. Walikuwa wanafunika meza, lakini hakuna aliyekuwa ameondoka.